Kukata Shauri ni Kubeba Mzigo

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Katika Kiswahili mtu aliyeamua jambo husemwa kuwa amekata shauri. Usemi huu umezoeleka mno, hata ni wachache wanaoutazama kwa makini. Kinachokatwa ni shauri, na shauri halina budi kuwapo kabla ya kukatwa. Lazima watu wawe wamekaa, wamesema, wamepingana na wamesikilizana. Anayekata pasipo shauri hupiga panga hewani, na mara nyingi panga hilo humwangukia mtu aliyesimama karibu.

Wanyamwezi nao walimwita mtawala wao wa jadi mtemi, jina linalohusishwa na kutema, yaani kukata. Wapo wasemao kwamba aliitwa hivyo kwa kuwa mtemi wa kwanza ndiye aliyefyeka msitu watu wakapata mahali pa kulima. Na wapo wasemao kwamba ni kwa kuwa ndiye aliyekata mashauri yao. Vyovyote iwavyo, jina hilo lilitaja kazi. Halikutaja kiti, wala ngozi ya chui, wala heshima ya kupigiwa magoti.

Kwa hiyo hakuna mahali panapofaa zaidi kuzungumzia wajibu wa mwenye kuamua kuliko Tabora na njia kuu ya zamani iliyopita hapo. Katika nchi hiyo, kwa muda usiozidi miaka mia moja, yalikatwa mashauri ya kila aina: ya busara na ya kiburi, ya karibu na ya mbali.

KIRANGOZI NA KIU

Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe ilipo Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia. Ilikuwa njia ya vitambaa, shanga na bunduki kutoka pwani, na ya pembe za ndovu kutoka bara. Ilikuwa pia njia ya watumwa, yaani watu walionyang'anywa hata haki ya kuamua wapumzike wapi. Asiwepo wa kuisifu njia hiyo akawasahau hao.

Lakini wengi wa waliobeba mizigo katika misafara hiyo walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wasiporidhika walitua mizigo chini wakakataa kuondoka, au walitoroka usiku. Mbele yao alitembea kirangozi, neno lenye asili moja na kiongozi. Yeye ndiye aliyejua njia, visima na mahali pa kupiga kambi. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia, na aliyethubutu alitozwa faini.

Mtihani mkubwa wa kirangozi ulikuwa ni mwendo ulioitwa telekeza. Ilipobidi kuvuka nyika isiyo na maji, msafara haukuondoka alfajiri kama kawaida. Watu walikula na kunywa kisimani, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana au alasiri, wakatembea hadi giza, wakalala pasipo maji, na kulipopambazuka wakaondoka tena ili wafike kisima cha pili kabla jua halijawa kali. Nani aliyesema kwamba leo ni telekeza? Nani aliyekadiria kwamba kisima cha mbele hakijakauka? Endapo alikosea, watu wangekufa kwa kiu.

Ndugu, hapo ndipo ilipo siri ya kirangozi. Hata kama mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine, koo lake lilikuwa sawa na la wengine. Aliamua juu ya kiu ambayo yeye mwenyewe angeionja, tena katika safari ile ile na jua lile lile. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi. Kirangozi hakuwa na nafasi ya kudanganyika hivyo, kwa sababu nyika ile ile aliyoiamua ilikuwa chini ya miguu yake.

MTU MMOJA NA NCHI NZIMA

Mtu wa pili wa kutazamwa ni Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliyeunganisha himaya ndogo ndogo za magharibi ya Unyanyembe akaunda dola la Urambo. Mwaka 1871 ugomvi wake na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora uligeuka vita. Waarabu walimshambulia, naye akawavizia njiani waliporudi na ngawira. Na mwezi Agosti mwaka huo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Njia ya Ujiji ikafungwa. Mwandishi Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Uamuzi wa mtu mmoja wa Unyamwezi ulisikika sokoni Unguja na katika magazeti ya Ulaya na Marekani.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Mirambo hakujua kuamua. Alikuwa mwepesi wa kutenda na mwerevu wa kuchagua wakati. Mwaka 1876 alifanya udugu wa damu na Stanley yule yule aliyepigana upande wa adui zake, na miaka michache baadaye aliwakaribisha wamisionari wa Kiingereza wakae Urambo. Alijua lini pa kupigana na lini pa kupatana.

Hata hivyo, mashauri yote ya Urambo yalikuwa katika kichwa kimoja. Mirambo alikufa Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, alirithi kiti na askari, lakini hakurithi kile kichwa. Himaya zilizoshikwa kwa mkono wa Mirambo zilianza kujiondoa moja moja; mwaka 1890 Mpandashalo mwenyewe akauawa vitani, na Wajerumani walipoimarisha utawala wao katika sehemu hizo hawakukuta Urambo wa kuwazuia.

Somo hili linawahusu wakuu wa idara na wakuu wa shule kuliko wanavyodhani. Ipo ofisi ambayo mkuu wake akisafiri siku tatu, kazi husimama siku tatu. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa sifa: bila bwana mkubwa hakuna kinachokwenda. Kwa kweli ni aibu. Anayeamua kila kitu peke yake, hata idadi ya kalamu za kununuliwa, hajajenga ofisi. Amejenga kambi ambayo itavunjwa siku atakayohamishwa. Mwenye kuamua ana wajibu wa kuwafundisha wengine kuamua, na kuvumilia makosa madogo watakayofanya wanapojifunza, maana hakuna aliyejifunza kuendesha baiskeli kwa kumtazama mwenziwe tu.

KARANGA ZA URAMBO

Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Serikali ya nchi hiyo ilituma tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, ije itazame kama karanga zingeweza kulimwa Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa mashine. Tume ilitembea wiki chache, ikarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. London wakakubali. Kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta yalivunjika kwenye miti na mizizi ambayo hakuna aliyekadiria ugumu wake. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'oka. Mvua haikunyesha kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi. Mpango ukaachwa mwaka 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, na mavuno yalikuwa haba mno. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa Urambo baadaye ilikuja kulimwa tumbaku.

Si kweli kwamba waliopanga walikuwa wajinga. Walikuwa na elimu, nia yao kwa watu wao ilikuwa njema, na hesabu zao zilijumlishwa sawasawa. Walichokosa ni kuuliza. Wagogo wa Kongwa walijua tangu enzi za mababu jinsi mvua ya kwao inavyokatika. Mkulima yeyote wa Urambo alijua mti upi una mzizi wa namna gani. Ujuzi huo haukuingizwa katika hesabu kwa kuwa wenye nao hawakuwa na vyeti. Aidha, waliokata shauri lile hawakupaswa kula karanga zile wala kukosa chakula zilipokosekana. Hasara ilikuja kama tarakimu katika vitabu vya Bunge la mbali.

Kirangozi angeliamua kwa namna hiyo, angelikufa kwa kiu katika safari yake ya kwanza.

TABORA, JANUARI 1958

Sasa yafaa kufika kwenye shauri lililoupa mji wa Tabora heshima yake katika historia ya uhuru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa masharti ambayo yalikuwa tusi kwa wananchi. Kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu elfu 20 hivi, lakini viti viligawanywa sawasawa. Tena haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo, hata wananchi walio wengi wakabaki nje.

Mkutano mkuu wa mwaka wa TANU ulipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususia. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Chama kilichohubiri usawa wa binadamu kingewezaje kuingia katika uchaguzi uliohesabu watu kwa rangi? Mwenye kudhani kwamba waliosema hivyo walikuwa wakorofi hajaielewa siku ile.

Julius Nyerere aliona vingine. Alizichukia kura tatu kama wenzake, lakini aliona kwamba TANU ikisusa, viti vitachukuliwa na watu wa UTP, chama kilichopendelewa na Serikali, nao watasema mbele ya dunia kwamba wao ndio wasemaji wa Tanganyika. Inasimuliwa kwamba aliwapa wajumbe mfano wa mkulima ambaye mavuno yake yako ng'ambo ya tope: achague kubaki na miguu safi mavuno yakaoza, au akubali kuchafuka miguu ili ayatoe. Mjadala ulikuwa mrefu na mkali. Kura zilipopigwa, walio wengi walikubali kuingia katika uchaguzi, huku wakiazimia pia kuidai Serikali ya madaraka bila kuchelewa. Shauri hilo likaja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Yapo mambo ya kuzingatia katika shauri hilo ambayo sherehe huyasahau.

La kwanza ni kwamba mkutano ungeweza kumkatalia kiongozi. Nyerere hakutoa amri. Alisimama mbele ya watu waliokasirika, akawaeleza sababu, akawaachia kura. Kama angelikuwa na uwezo wa kuwalazimisha, wangelitii, lakini nani kati yao angelikwenda kijijini kuwaeleza wananchi kwa moyo mkunjufu kwa nini wampigie kura Mzungu na Mwasia waliokubaliwa na TANU?

La pili ni gharama. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na mwelekeo huo. Alitoka akaunda chama chake, ANC, na mwaka 1962 alishindana na Nyerere katika uchaguzi wa Rais, akashindwa vibaya. Mwenye kuamua jambo zito hawezi kutaraji kubaki na marafiki wote aliokuwa nao jana. Lakini pia hana ruhusa ya kuwaita wasaliti wale waliokataa kwa hoja.

La tatu ni kwamba siku ile hakuna aliyejua mwisho wake. Leo inajulikana kwamba uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na kwamba wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, UTP ikafifia, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Lakini ndani ya ukumbi ule Januari 1958 hapakuwa na karatasi iliyoonyesha majibu. Mwenye kungoja mpaka uhakika ufike haamui. Huwa anaandika historia ya walioamua.

La nne linawagusa walimu. Mtu aliyewaomba wajumbe wachafue miguu alikuwa amekwisha kuchafua yake. Alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Serikali ya Tabora, kisha mwalimu wa Mtakatifu Maria mjini humo humo, na hatimaye mwalimu wa Pugu. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya kazi hiyo na siasa. Aliacha mshahara. Kwa hiyo hakuwataka wenzake watembee telekeza ambayo yeye hakuwa tayari kuitembea.

KUKUBALI KWAMBA UMEKOSEA

Mtu asidhani kwamba aliyepatia mara moja hupatia siku zote. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya na miji ziliondolewa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Sababu zilitolewa: vyombo hivyo vilikuwa na udhaifu, na nchi ilikuwa na haraka ya maendeleo. Matokeo hayakuwa yale yaliyokusudiwa. Mkulima wa tumbaku na wa pamba alikosa chombo chake cha kusemea, na mambo ya wilaya yakawa yanaamuliwa na watu wasiowajibika kwa wilaya. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa, na miaka hiyo hiyo Mwalimu Nyerere, angali Rais, alikiri waziwazi kwamba kuvunja vyombo hivyo viwili kulikuwa kosa, na kwamba angeanza upya asingelifanya hivyo.

Ungamo hilo halikumpunguzia heshima hata chembe. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Maana yake si kwamba mkubwa avumilie kutukanwa tu. Maana yake ni kwamba lawama za uamuzi zitupwe kwake, zisitupwe kwa karani aliyepiga chapa barua, wala kwa mtendaji wa kijiji aliyetumwa kuitangaza.

MEZA YA OFISI

Ndugu, ni wachache watakaoitwa kuamua hatima ya nchi katika ukumbi wa Tabora. Lakini kila mwenye kalamu ya Serikali ana nyika yake na msafara wake. Mwalimu mkuu anayemfukuza mwanafunzi wa kidato cha tatu ameamua juu ya maisha yatakayoendelea miaka hamsini baada ya kikao kile cha nusu saa. Ofisa anayemhamisha mwalimu kutoka Sikonge kwenda Kaliua katikati ya muhula, kwa barua ya mistari miwili, ameamua pia juu ya mke, watoto, shamba lililopandwa na darasa lililoachwa bila mtu. Mzigo huo mezani ni kanda la usufi. Barabarani, juu ya kichwa cha aliyeupewa, ni jiwe.

Na upo uamuzi mbaya kuliko wote, nao ni ule usiotaka kuitwa uamuzi. Faili la mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe limelala mezani miezi minane. Kila afikapo huambiwa suala lake linashughulikiwa, arudi kesho. Ofisa atasema kwamba bado hajaamua. Si kweli. Ameamua kila asubuhi, alipolisogeza faili pembeni ili apate mahali pa kuwekea kikombe cha chai. Ameamua kwamba mama yule aendelee kulala kwa jamaa na kuomba nauli. Tofauti ni kwamba uamuzi huo hauna sahihi wala tarehe, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Kukataa waziwazi kwa sababu zilizoandikwa kungekuwa haki zaidi, maana angejua pa kukata rufani.

Wapo wengine wanaojificha nyuma ya wingi. Husema kamati imeamua, au maagizo yametoka juu. Kamati ni chombo kizuri, na penye wengi hapaharibiki neno. Lakini neno haliharibiki pale tu wengi hao wanaposema wanachokijua. Kikao ambacho wajumbe wote hutazama uso wa mwenyekiti kabla ya kuinua mkono ni mtu mmoja mwenye mikono mingi. Na maagizo ya juu hayamwondolei mtekelezaji wajibu wake. Yeye ndiye ajuaye kisima kipi kimekauka katika eneo lake, na asiposema amewaacha walio juu waamue gizani.

Kwa hiyo mwenye kuamua ajiulize maneno machache kabla ya kutia sahihi. Je, amemsikia yule atakayeubeba uamuzi huu, au amesikia habari zake tu? Je, yuko tayari kumweleza sababu ana kwa ana? Je, yeye mwenyewe angeikubali telekeza hii kama ingekuwa yake? Na ikidhihirika kesho kwamba amekosea, atakuwa na ujasiri wa kulirudisha faili mezani, au atawaacha watu wafe kwa kiu ili jina lake lisiguswe?

Akishajiuliza hayo, akate shauri. Asingoje mtu mwingine. Msafara umesimama, jua linapanda, na watu wenye mizigo kichwani wanamtazama. Wanachomdai ni kwamba awaambie waziwazi wanakokwenda, na kwamba atembee pamoja nao.